Tepu Iliyonipunguza Kiuno

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Kifungo ninayelala naye chumba kimoja: nina miaka kumi na minne na sijawahi kupigwa picha nikiwa napumua. Kila picha navuta tumbo ndani. Ile ya familia iliyo ukutani, ambayo wageni husifia macho yangu makubwa, ni macho ya mtu aliyekosa hewa.

Sasa leo. Mwalimu wa darasa ametangaza kwamba Ijumaa nesi atakuja kutupima. Urefu, uzito, kiuno. Kiuno! Mwenye kiuno kinachozidi nusu ya urefu wake atasogezwa pembeni apimwe presha. Nikadhani sikusikia vizuri. Presha si ya bibi? Bibi ana presha, miwani na meno ya kuvua. Nilijua vinakuja pamoja. Mwalimu akasema siku hizi hata watoto wanayo, na wengi hawana habari. Darasa zima likageuka kuniangalia mimi. Kijiti, ninayekaa naye dawati moja, mwembamba kama jina lake, akaniuliza kwa upole kama nitahitaji watu wa kunisaidia kusogea pembeni.

Shuleni tunasoma kwa lugha mbili. Kuona haya naweza kwa zote.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kutokula. Umedumu mpaka saa nne asubuhi.

Mpango wa pili ni wa akili. Mama ni fundi cherehani, na kwenye droo ana tepu ya zamani ya kitambaa. Imevutwa miaka mingi mpaka imelegea. Sentimita zake zimenenepa! Mwaka jana alisahau akampimia mteja kwa hiyo, halafu akakata kitambaa kwa tepu mpya. Suruali ikagoma kupita magotini. Mama akaapa hatampimia tena kiumbe hai kwa tepu ile. Siku hizi huitoa droo kufungia mabunda ya vitambaa tu.

Lakini mtu akipimwa kwa tepu iliyovutika, anatoka mwembamba. Hakuna aliyewahi kuliona hilo kama neema. Isipokuwa mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanikiwa! Mimi!

Nilijitolea kupanga viti kwenye chumba cha kupimia. Mwalimu alishtuka, maana sijawahi kujitolea tangu nianze shule. Nesi akaacha mkoba wazi akaenda kunawa mikono. Tepu za njano zinafanana zote. Yake mfukoni mwangu, ya mama mkobani mwake. Jasho lilinitoka hadi kwenye nyayo.

Kiuno changu: sabini na tano. Nusu ya urefu wangu: sabini na tano na nusu. Nimepona kwa upana wa kidole cha mtoto! Nesi alitazama tumbo, akatazama tepu, akatazama tumbo. Akaandika.

Shule nzima imepita. Hakuna hata mmoja aliyesogezwa pembeni, hata Kifungo wangu, ambaye ana miaka tisa na ni wa duara kama jina lake. Mashine ya presha haikutolewa kwenye kasha. Nesi alimwambia mwalimu mkuu kwamba hajawahi kuona shule yenye viuno vya namna hii. Mwalimu mkuu akajibu kwamba ni matunda ya uongozi bora.

Jumapili, 9 Machi

Kichwa kinamuuma Kifungo. Si mara ya kwanza. Mwezi mzima sasa. Analala juu ya mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, anaomba mama asikanyage cherehani. Tulidhani ni kelele. Leo amesema anaona vitu vidogo vinang'aa hewani.

Anakula chumvi, Kifungo. Anailamba kiganjani kama sukari. Nikakumbuka bibi alivyokatazwa chumvi kwa ajili ya presha.

Nikamwambia mama, taratibu, huku nikitazama ukuta, kwamba labda apimwe presha. Mama akacheka. Mtoto wa miaka tisa na presha wapi na wapi? Halafu akasema neno lililonimaliza: si nesi alimpima juzi tu, akakuta yuko sawa?

Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo. Nikaomba maji.

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu!

Jioni nipo kwenye chumba cha ushonaji cha mama, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nabandua stika walizobandika wateja kwenye kioo, nikasikia sauti. Nesi! Ametoka kazini na mkoba wake, anataka gauni la harusi ya mdogo wake. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Alimwambia mama asihangaike kumpima, vipimo anavijua, kajipima mwenyewe nyumbani na kiuno kimepungua sana. Mama hakubali vipimo vya mdomoni hata vya mama yake mzazi. Akampima. Wakatofautiana. Nesi akasema tepu ya fundi ni mbovu. Kumwambia mama hivyo! Nesi akachomoa yake mkobani.

Mama akaipokea, akaigeuza.

"Hii tepu ni yangu," mama akasema. "Hili doa ni la pasi, niliiunguza kwa mkono wangu."

Nesi akaketi kwenye kigoda cha wateja. Nilimwona kupitia tundu la pazia. Kwanza alishika kiuno chake, kwa huzuni. Halafu uso ukabadilika.

"Fundi, nimepimia watoto wa shule nzima kwa kitu hiki."

Chini ya meza Kifungo akaguna, akasema kichwa. Nesi akainama, akamuuliza mawili matatu, akamtoa, akamketisha na kumwambia apumzike asiongee. Akafungua kasha la mashine ya presha. Akatafuta kitambaa kidogo cha mkono wa mtoto, akamfunga, kikavimba, kikanywea. Akasubiri. Akapima tena. Akasubiri. Akapima mara ya tatu. Mama alikuwa ameshika mkasi wazi hewani, hakumbuki alitaka kukata nini.

"Dada," nesi akasema, hakumwita fundi tena, "hii presha ni ya mtu mzima mgonjwa. Asubuhi na mapema mpeleke hospitali. Usingoje."

Nikatoka nyuma ya pazia. Sikupanga kutoka, miguu ilitoka, nikaifuata. Mama aliniangalia, akaangalia tepu. Afadhali angepiga kelele. Nikasema yote, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Kifungo akauliza, "Kwa hiyo kaka, mimi sikuwa mwembamba?"

Nesi akanipima na mimi. Kiuno sabini na tisa, kwa tepu ya kweli. Presha?

Ya kawaida kabisa. Akasema kiuno kinaonyesha nani wa kuangaliwa kwanza, hakimhukumu mtu. Yaani nilikuwa naficha kitu ambacho sina! Sikulia. Macho yalitoka maji tu.

Alhamisi, 13 Machi

Kifungo amerudi kutoka hospitali. Daktari anachunguza figo, atamwona kila wiki. Amesema imegundulika mapema na hiyo ndiyo bahati. Chumvi imepanda juu ya kabati. Mama sasa ananisemesha, lakini kwa maneno mafupi.

Adhabu: Jumatatu shule nzima inapimwa upya. Mimi ndiye nitakayeshika tepu na kusoma namba kwa sauti. Mbele ya Kijiti! Zangu zitasomwa mwisho, na mwalimu mkuu mwenyewe.

Nimetubu, na kiuno sitakigusa tena. Ila nimefikiri. Kanuni ni nusu ya urefu. Urefu! Nani aligusa urefu? Mabaki ya sponji ya mabega ya makoti yapo tele. Ukishona vipande viwili na kuvitia ndani ya soksi, kisiginoni, mtu anakua ndani ya dakika moja, kistaarabu, bila kumdhuru yeyote. Mguu wa kushoto umekamilika.

Kifungo ameona. Anataka punje tatu za chumvi ili anyamaze. Nimekataa katakata, kwenye chumvi sina mchezo. Tumeelewana nimshonee jozi yake.

Hatua koridoni. Kandambili zinaburuzwa, ni mama. Zimesimama mlangoni. Kifungo amejifanya kukoroma. Sponji chini ya mto, sindano sijui iko wapi, ukurasa huu ndani ya sok