Sikulipa, Kwa Hiyo Sikujifunga

Kwa Mtengeneza Programu, ambaye pia ni mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu. Nimeikuta karatasi uliyobandika kwenye mlango wa karakana yangu ya ushonaji, wateja wakiisoma, ukidai nimevunja mkataba. Niliisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Naomba kujibu kwa adabu.

1. Ni kweli ulinipa ile programu ya kuchora vipimo vya nguo. Ulinipa bure. Ni kweli pia uliandika kwamba atakayeigawa kwa wengine asifute jina lako pale inapofunguka. Lakini mkataba ni nipe nikupe. Mimi nilikupa nini? Siku hiyo hata chai hukunywa.

2. Unasema nilibonyeza "Nakubali". Nilikuwa na magauni sita ya harusi na mkono mmoja uko kwenye pasi. Kilichokubali ni kidole.

3. Kama cha bure kinafunga, tumekwisha. Nikiitikia salamu yako nitakuwa nimesaini. Mvua ikijaza pipa langu nitatakiwa niandike juu yake jina la wingu. Na wewe niliyekubeba mgongoni miaka miwili bila malipo, ungetembea na jina langu kwenye paji la uso.

4. Nilipowagawia mafundi wenzangu nilifuta jina lako nikaweka "Mama Mkasi", wanavyoniita kazini, kwa sababu wananijua mimi. Wewe wanakujulia wapi? Kinachoniuma ni kwamba kwa jambo dogo hivi umeacha kuja kula Jumapili. Mama anakutengea sahani, kisha ananitazama mimi.

Kwa hiyo naomba ufute madai yako, kwa maandishi.

Msalimie wifi na watoto. Gauni lake limebaki vifungo tu.

Wako, mwenye haki na cherehani,
Dada yako

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Bi Pindo, fundi wa duka la mkabala, nilimpa programu bure kwa sharti moja tu, jina la Mama Mkasi lisiguswe. Amelifuta, ameweka lake. Anasema hakulipa, kwa hiyo hakujifunga. Nimemwambia alipokea, akasoma, akatumia, basi amejifunga mpaka kaburini. Hanisikii. Njoo Jumapili na yale masharti yako yote, usiache hata mstari. Jina lako nimeshalirudisha, liko juu ya langu.