Miezi Mitatu Bila Miraa

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwa daktari mjini Meru. Matokeo mabaya! Mbegu zangu za uzazi ni chache, tena zinachechemea. Daktari Kajuju, mama mpole asiyecheka, ameeleza kwamba mwilini kuna chembe kali zinazokula mbegu kama kutu inavyokula jembe. Sigara na miraa ya kila siku huongeza kutu hiyo; niache vyote. Amenipa vidonge vya kuipunguza, kimoja kwa siku, na nile matunda na mboga kwa wingi. Si hakika, amesema, lakini tujaribu miezi mitatu. Nimeuliza: nikimeza vitatu kwa siku, si nitamaliza kwa mwezi mmoja? Amesema nikizidisha nitajiharibu zaidi. Huyu hajawahi kufanya biashara.

Jioni Mama yangu ameleta tena chupa ya mizizi kwa mke wangu, Veronicah. Miaka minne anamnywesha uchungu huo ati hashiki mimba. Cheti changu cha matokeo kilikuwa mfukoni. Nikakiacha humo. Veronicah akanywa.

Jumanne, 4 Machi

Shida. Wanaume wa hapa Kiirua hutafuna miraa kila alasiri nje ya duka la Gikunda. Ukiacha ghafla, wanauliza una nini. Na Gikunda, baba wa mapacha, ndiye wa kwanza kuuliza. Lakini nina mpango! Nimekata vikonyo vya spinachi, nikavifunga kwa majani ya mgomba kama kifungu halisi. Nimetafuna saa tatu nzima, uso nimeukunja ipasavyo. Akili ni mali!

Alhamisi, 6 Machi

Nilisahau jambo moja. Mtu hanyimwi miraa. Gikunda amenyoosha mkono kuomba kijiti, na kumkatalia mwenzako ni kumtukana. Nimempa. Ametafuna. Ametafuna tena. Kisha amenivuta nyuma ya duka. Nilijua atanitangaza mpaka Nanyuki. Badala yake amesema polepole:

"Mimi nilitumia karoti."

Kumbe kabla ya mapacha naye alienda kwa daktari! Ilimchukua miezi saba. Nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe. Ameniuliza kama mke wangu anajua. Nimelisifu paa la duka lake.

Ijumaa, 7 Machi

Veronicah amekuta cheti akifua suruali yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwambie mama yako kabla Jumapili haijaisha," amesema, "ama naenda kwetu Kianjokoma. Sikunywii tena."

Nimemwomba Gikunda aende kwa Mama badala yangu. Amekataa. Rafiki gani huyo?

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa tukaenda kwa Mama. Mpango wangu ulikuwa kusema ni mtu mwingine. Nikamsimulia habari za mwanamume fulani, jina tusilitaje, ambaye tatizo ni lake lakini mkewe ndiye anayenyweshwa dawa. Mama akatikisa kichwa, akauliza ni mjinga gani huyo anayemtesa mke wake hivyo. Veronicah alinitazama tu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi, Mama."

Mama akachukua ile chupa, akaimwaga kwenye migomba. Akamshika Veronicah mikono yote miwili, akamwomba msamaha kwa Kimeru, kisha kwa Kiswahili, asije akakosa kumwelewa. Nililia. Naandika wazi, nililia, na moyo ukawa mwepesi. Usiku Veronicah alinipakulia nyama mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Ukweli ni mtamu jamani! Leo nimewaeleza wote dukani: kutu, vidonge, spinachi. Hakuna aliyecheka. Wawili wamenifuata pembeni kwa aibu, wakauliza dawa huchukua muda gani. Nimesema wiki moja. Wakataka ushahidi. Ningewavunjaje moyo? Nimesema Veronicah ana mimba.

Habari imemfikia Mama kabla sijafika nyumbani. Kesho anakuja na kuku na wanawake sita wa kanisa kutoa shukrani. Veronicah anaimba jikoni. Bado sijamwambia.