Ekari ya Malale

Jumapili, 2 Novemba

Mama mkwe kasema mbele ya mke wangu Josephina: ekari zake nne zisipoisha kulimwa hadi Ijumaa, shamba anampa shemeji Danford. Mimi je? Mkwe mzima! Hilari na wenzake wawili, vibarua wa hapa Nsemulwa, wametumia siku tatu kwa ekari moja. Nasikia watatu wa Mwese humaliza ekari kwa siku moja. Kwa nini? Jembe ni lilelile, jua lilelile. Hilari nimemwachisha kazi. Kanitazama kwa huruma. Sijui ya nini.

Jumatatu, 3 Novemba

Mwese nimefika, nimerudi. Pikipiki imeniua mgongo. Nimempata Malale na wenzake wawili, wafupi, wacheshi. Kasema kwao, kama hapa kwetu, anayelima ndiye anayepima: hatua sabini huku, sabini kule. Nimehesabu mwenyewe nisiibiwe. Sabini kamili, haikupungua hata moja!

Jumanne, 4 Novemba

Saa nane mchana ekari imeisha. Jamani! Nimewachunguza tangu asubuhi. Wanakula ugali wa muhogo: nimeandika. Wanapumzika mara mbili: nimeandika. Wanaimba Kibende: nimeandika, ingawa sikielewi. Nimemuuliza Malale siri yao. Kajibu kwamba wao hawanaga haraka. Nimezidi kushangaa.

Alhamisi, 6 Novemba

Ekari ya tatu imeisha! Malale kaaga, kaondoka na watu wake. Danford kapita, nikampa somo zima juu ya uvivu wa watu wa Nsemulwa. Kasikiliza hadi mwisho, si kawaida yake. Ila kuna pori limebaki upande wa mtoni. Ajabu. Inaelekea mama mkwe hajui ukubwa wa shamba lake. Nitamweleza taratibu.

Ijumaa, 7 Novemba

Aibu! Mama mkwe kaja na kamba. Ekari tatu za Malale zimetoka mbili kasoro. Ile moja ya Hilari imetoka moja na nusu! Hilari mrefu, akipiga hatua mbili Malale anapiga tatu. Josephina kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kainuka, kaenda zake nyumbani, na hapo ndipo nimeumia. Nimekimbia kwa Hilari, nikampigia magoti: ndugu yangu, lile pori tu, kabla jua halijazama! Kasema pole sana, tangu Jumatatu yuko kwa Danford. Basi. Shamba limekwenda.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani nimekaa benchi moja na Danford. Nimempongeza, meno yameuma. Josephina ananijibu "sawa" tu. Limebaki shamba la karanga la mama mkwe, na hilo lazima niliokoe lisiende kwa Danford. Wakati wa mahubiri nimeliona kosa langu: nilikwenda Mwese. Jirani yetu Agape kaninong'oneza kwamba wa Karema humaliza ekari kwa nusu siku. Nusu siku! Lazima ni ule upepo wa ziwa. Kesho asubuhi naondoka. Na safari hii hatua zao nitazihesabu mara mbili.