Nimemlimia Jirani Maua Yake

Leo nimeumbuka, na nimeumbuka nikiwa na jembe mkononi.

Mnajua hali ya hewa ya wiki hii hapa Coon Rapids, huku ughaibuni. Machi ndiyo kwanza inaanza, theluji imeyeyuka yote, na watu wanatembea na kaptura. Mimi nikiona udongo umelainika, mikono inaniwasha. Halafu kuna jirani yangu Dale, mzee aliyestaafu zamani. Msimu wote wa baridi ameniondolea theluji mlangoni bila kuombwa. Nikirudi kutoka shifti ya usiku hospitalini, nakuta njia iko safi. Nilimpelekea chapati, akasema asante, lakini haikunitosha. Kwetu Nyamira mtu akikutendea hivyo, unamlimia.

Asubuhi nikamkuta akiingia garini. Alikuwa anamfuata mkewe, Carol, aliyevunjika nyonga na kukaa miezi kwenye kituo cha wagonjwa.

"Leo anarudi," akaniambia. "Ana hamu sana ya kuona bustani yake."

Bustani gani? Chini ya dirisha lao niliona kipande cha ardhi kimejaa magugu membamba kama nyasi, vichwa vimejifunga kwa baridi ya asubuhi. Nikasema mama wa watu hatarudi akute msitu. Mimi nikiwepo, haiwezekani.

Nikatoa jembe (ndiyo, nililibeba kwenye sanduku kutoka nyumbani; mpini nikanunua hapa). Binti yangu Kemunto akachungulia mlangoni.

"Mom, are you sure?"

"Sijawahi kuwa sure hivi," nikamjibu.

Nikalima. Magugu yenyewe yalikuwa na mizizi ya mviringo kama vitunguu vidogo chini (hapo ndipo mwenye akili angesimama). Mimi nikazidisha bidii, maana ukiacha mzizi yanarudi. Niling'oa yote, nikayarundika kando ya njia. Nikapiga matuta yaliyonyooka, nikatia mbegu za sukuma wiki. Nikafagia hadi barabarani, kisha nikasimama na jasho langu kungoja sifa.

Jua likapanda. Gari likaingia. Dale akamshusha Carol polepole, akamshikisha fremu yake ya kutembelea.

"Fumba macho kwanza," akamwambia. "Mwaka huu yamewahi, kwa sababu ya hili joto."

Nikajiuliza ni nini kimewahi. Nikageuka. Lile rundo langu la magugu lilikuwa limeota jua, na lote lilikuwa limechanua. Maua ya zambarau, ya manjano, meupe.

Carol akafumbua macho. Akatazama matuta, akatazama rundo, akanitazama mimi na jembe langu.

"Nani amefanya hivi?"

(Kana kwamba kuna mwingine mtaani mwenye jembe.) Nilitamani ardhi inimeze, na nilikuwa nimeshailainisha vya kutosha.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kumshukuru mzee. Nitayarudisha yote, hata jioni ikinikuta hapa."

Nikapiga magoti. Dale akamletea mkewe kiti na blanketi, naye Carol akaanza kazi ya unyapara. "Hicho umekipanda kichwa chini. Hapana, ya manjano mbele." Nimesimamiwa na wauguzi wakali, lakini huyu hana mpinzani. Nilitaka kulia kwa aibu, ila mikono sikuisimamisha. Kemunto alikuja na maji, na akakaa kuangalia kama sinema.

Nilipomaliza, nusu ya maua yalikuwa yamesimama na nusu yamelala. Carol akayatazama moja moja.

"Kule kitandani niliogopa sitayaona mwaka huu," akasema. "Na yalikuwa yamebanana. Kila mwaka namwambia Dale ayatenganishe, hasikii." Akaanza kucheka, akacheka mpaka mumewe akamshika bega. "Kesho uje. Nyuma ya nyumba kuna mengine."

Tafadhali msinicheke. Ila kabla hujamlimia mtu shukrani, muulize kwanza kama ana shamba au ana maua.