Kabichi za Mbele ya Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za kwanza zimeshuka na Mama yuko kitandani, mguu ndani ya plasta. Wiki iliyopita aliteleza kwenye mtaro wa maji akimfukuza mbuzi wa jirani. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo. Asubuhi alituita chumbani, mimi na Dada. Akasema daktari amemkataza shamba msimu huu na pengine moja kwa moja, hivyo mmoja wetu atashika usimamizi. Upande wa juu, unaoizunguka nyumba, nipande mimi. Bondeni apande Dada. Jumapili ataamua ni nani.

Hatimaye! Nimelisubiri shamba hili tangu nikiwa na nywele kichwani. Dada anajua kulima tu. Mimi nina maono. Nilimweleza mke wangu maono hayo wakati wa kula. Akauliza kama yanakuja na jembe lake.

Jumanne, 4 Machi

Kupandikiza kabichi ni kazi ya kuinama. Unachimba shimo, unatia samadi, unashusha mche, unashindilia, unamwagilia, unasogea, unaanza upya. Kufika saa nne kiuno hakikuwa changu tena. Nikaketi juu ya ndoo, nikafikiri, jambo ambalo Dada hana muda nalo. Mama hawezi kutembea. Chumba chake kina dirisha moja. Dirisha linaangalia mbele. Basi matuta ya nyuma nayapandia nani?

Miche yangu yote nimeibana pale mbele. Najua kabichi inataka nafasi ili ifunge kichwa, lakini ukiitazama kwa mbali, imebanana vile, ni kijani kitupu. Mama alichungulia, akasema hajawahi kuona shamba likijaa upesi namna hii. Niliona haya kidogo. Zilipita.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimepumzika. Dada kashinda bondeni na gunia kichwani, akizibua mifereji. Namhurumia, kule hakuna anayemwona. Jioni aliniuliza matuta ya nyuma nitayapanda lini. Nikamwambia kila mtu aangalie kwake. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi amekuja kumuuguza Mama. Hajavua hata viatu, akatangaza kwamba mgonjwa hawezi kuvuka sebule nzima kila akitaka kwenda chooni. Ahamishiwe chumba cha nyuma. Dada akaunga mkono. Mke wangu akaunga mkono. Nikasema chumba kile kina unyevu. Nikasema kina panya. Nikasema sikipendi tu. Shangazi akaniambia nishike miguu ya kitanda.

Chumba cha nyuma nacho kina dirisha, tena kubwa kuliko la mbele. Linaangalia matuta yangu yenye magugu matupu na ndoo iliyotoboka. Bahati nzuri Mama alikuwa amemeza dawa ya maumivu, akafumba macho palepale. Nilitundika blanketi kuukuu dirishani, nikamwambia Shangazi kwamba mwanga unamchosha mgonjwa. Kisha nikatimua mbio. Nilifyeka magugu, nikang'oa kabichi za mbele, nikazisomba kwa beseni la kufulia na kuzipanda nyuma. Jua la saa saba, mchana kweupe. Miche haihamishwi juani, hilo hata mbuzi wa jirani analijua. Lakini ningefanyaje?

Ijumaa, 7 Machi

Zimelala. Zote. Chali kabisa.

Nilipoondoa blanketi, Mama aliniita dirishani, akauliza kabichi zina nini. Nikasema zinapumzika. Akauliza kama zimechoshwa na safari. Nikacheka, naye akacheka, ingawa sikupenda alivyocheka.

Nikachukua vijiti vya meno jikoni, nikaziegemeza moja baada ya nyingine. Mgongo wangu Mungu ndiye anayeujua. Mke wangu alikuja kulitafuta beseni lake, akasimama akitazama. Aliuliza kama na mimi anitafutie kijiti. Katika nyumba hii mtu hawezi kupata msaada wa maana.

Jumamosi, 8 Machi

Mama ametaka kupunga upepo kule mbele, mlangoni. Mbele kuna mashimo matupu! Nikaomba anywe chai kwanza. Alipokuwa anakunywa, nilirudisha nusu ya kabichi mbele, pamoja na vijiti vyake. Alikunywa chai polepole sana. Akaomba na kikombe cha pili. Mama yangu ana huruma bila kujua.

Jumapili, 9 Machi

Mama alisema madirisha yamemchosha. Tukambeba juu ya kiti, mimi upande mmoja na Dada upande wa pili, tukaanzia bondeni. Mistari ya Dada imenyooka. Kila mche umepewa nafasi yake na majani makavu yamefunika udongo. Inakera jinsi ilivyopendeza.

Kisha tukapandisha juu, kwangu. Mama akaomba tumshushe. Akachomoa kijiti kimoja, kabichi ikaanguka, akakipangusa kwenye gauni lake na kuanza kuchokoa meno. Akasema blanketi lile lina matobo na siku ile hakuwa amelala. Kila nilichofanya alikiona. Nikamuuliza kwa nini hakunizuia. Akasema tangu Baba atutoke hajaniona nikishika jembe kwa nguvu vile, akaona asiniharibie.

Shamba ni la Dada kulisimamia. Mimi nitakuwa chini yake msimu huu, na nikionyesha kazi, upande wa juu utakuwa wangu daima. Nikishindwa tena, basi. Aliyasema kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Nilikwenda stoo, nikakaa juu ya magunia, nikalia kidogo. Dada alinifuata. Hakunicheka. Aliniambia kesho atanipa miche mipya, bora nipande taratibu hata kama sitamaliza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebadilika. Nimemwambia mke wangu hivyo kabla hajaamka sawasawa. Akasema sawa, akageukia ukutani.

Dada amenipa miche, nayo ni mizuri. Nimeipokea kwa mikono miwili. Nimemuahidi kwamba safari hii nitapanda upande wote, mbele na nyuma, tuta kwa tuta, kwa nafasi, kwa samadi. Na nilimaanisha kila neno.

Kisha nikamwangalia jioni alipokuja kukagua. Alipita kwa njia ya kisimani. Alifika amechoka, miguu imejaa tope. Alisimama kwenye tuta la kwanza, akalitazama vizuri sana, halafu akaingia ndani kula bila kufika kwenye mengine.

Kesho naanza na tuta la kwanza. Litakuwa tuta ambalo mfano wake haujawahi kuonekana.