Noeli ya Bibi Harusi Asiyeonekana

Ijumaa, 21 Desemba 1956

...na ndiyo maana nasema shangazi yake Théoneste, mume wangu, si mgeni, ni kufuli. Lakini nisilalamike. Nimeolewa! Na karani wa meli! Kola nyeupe, sauti kama kinanda cha misheni! Tatizo ni moja: yeye yuko Bukavu na meli, upande wa pili wa ziwa, mimi niko Gisenyi nyuma ya pazia. Desturi. Bibi harusi haonekani, hapiki, hafagii, mpaka gutwikurura, siku wazazi wangu watakapokuja na pombe kunifungua. Lini? Shangazi Béata anasema watu wa kwetu Nyakiriba hawajawa tayari. Kila nikiuliza, jibu ni hilo. Yeye ni mjane wa Kanama, hana mtoto, na analala mbele ya mlango wangu.

Nimesoma sekondari kwa masista. Nitashindwa na mlango?

Jumamosi, 22 Desemba

Nimejitangaza mgonjwa, ili habari ifike bandarini na mume wangu arudi mbio. Nimelia vizuri sana. Shangazi hakutuma habari. Amechemsha umuravumba, dawa chungu kuliko dhambi, akanishika pua.

"Kunywa, mukazana, bibi ya mtoto yetu. Ugonjwa yako iko na jina ya mwanaume."

Nimepona papo hapo. Nimeibusu picha ya Théoneste. Karatasi ni baridi.

Jumatatu, 24 Desemba

Mpango mkuu! Meli inafika jioni, na ni mkesha wa Noeli, lazima atakuwamo! Nikamwambia Shangazi kwamba mapadri wanaungamisha leo tu. Akachukua mwavuli, akaenda. Mimi dirishani, nikamwita Mama Faradji, jirani yetu, mke wa fundi cherehani. Nikaomba kanga zake nijifiche. Akasema yeye ni Mwislamu, Noeli haimhusu, lakini mapenzi yanamhusu. Akanifunga nikabaki macho tu.

Bandarini: magunia, kuku, Wazungu wawili. Théoneste hayupo. Baharia akasema karani amebaki Bukavu na mizigo, atakuja na meli nyingine. Nililia ndani ya kanga. Inanukia karafuu.

Njiani, ana kwa ana na Shangazi! Hakunitambua. Akanisalimu kwa heshima, kama anavyowasalimu wanawake wa Kiislamu: "Salama aleko, mama."

Nami, msomi, nikajibu kwa Kilatini cha misa: "Et cum spiritu tuo."

Kisha akafungua mwavuli, na mvua hakuna. Akaushusha usoni pangu watu wasinione, akanisindikiza mpaka nyumbani.

Jumanne, 25 Desemba, Noeli

Hakunisema kwa mtu yeyote. Amepika jogoo. Mama Faradji alipokuja kuchukua kanga, Shangazi akamlazimisha akae. Mama Faradji akauliza, kwa adabu, jogoo kachinjwa na nani.

"Na bwana yako, we! Nilimuita asubuhi. Nilijua utakuja."

Tukala watatu, tukacheka. Kisha Mama Faradji akashangaa kwamba bado nimefungiwa. Si mjumbe wa Nyakiriba alikuja zamani kusema wako tayari?

Nikamgeukia Shangazi. Nikamuuliza, kwa ukali, kwa nini alinidanganya. Akaendelea kumenya kiazi.

"Nikikufungua, mi narudi Kanama. Kule iko nani?"

Nilitaka kumshika mkono. Badala yake nikasema chumvi imezidi.

Jumamosi, 29 Desemba

Théoneste alikuja Alhamisi! Alinikumbatia mbele ya watu! Jana nilifunguliwa: ngoma, pombe ya ndizi, mama yangu analia. Leo asubuhi meli imemchukua tena mume wangu, na lori limemchukua Shangazi. Nilimuaga kama mtu anayemuaga karani wa posta. Asante, safari njema, basi.

Sasa mlango uko wazi kabisa. Nimetoka. Nimeingia. Nimetoka tena. Nyumba haisemi kitu.

Mama Faradji anasema nimfuate Shangazi Kanama, nimwambie nimemkumbuka, yaishe. Nimwambie? Hivi hivi, bila mpango? Mawazo ya mtu asiyepita kwa masista! Nitasema Théoneste amenituma kupima paa lake, kwamba linahitaji kubadilishwa. Nimeshaazima futi ya fundi cherehani. Ni fupi, kwa hiyo paa litachukua siku nyingi kulipima. Shangazi hatashuku chochote.

Mwezi unaisha Jumatatu. Shangazi, kabla haujaisha nitakuwa mlangoni pako.