Marehemu wa Mnadani

Desemba ilikuwa inayoyoma, na Mamezuka bado alikuwa na kasha zima la kadi za Mwaka Mpya. Ndege korongo chini ya msonobari, mlima na theluji yake, wimbi lililokunja makucha: michoro ya mbao ya kizamani, isipokuwa ilikuwa imetoka kwenye mashine moja huko Osaka wiki iliyopita. Alikuwa ameuza hata koti lake la baridi ili azinunue. Mwaka ukigeuka hazijauzwa, zingefaa kuwashia jiko tu.

Basi alipoona duka la karatasi la Mama Kanbara, hapa Kanazawa, lina tangazo la "Kazi za Mikono Tu", roho ilimtulia. Mama huyo alikuwa na sifa mbili ambazo matapeli huziombea usiku na mchana: uchoyo, na kujiona anajua sanaa.

"Zimechapwa kwa mkono, Mama, kwa mbao za mti wa cheri," alisema Mamezuka, akiinama mpaka pua ikakaribia kaunta. "Kazi ya baba yangu. Ametutoka vuli hii. Hazitachapwa tena."

Akatoa picha ya mzee mwenye ndevu za heshima. Marehemu huyo, Mamezuka alikuwa amemnunua mnadani asubuhi ile, pamoja na fremu.

Mama Kanbara alichukua kadi tatu, akaingia nazo chumba cha nyuma, eti akazitazame kwenye mwanga. Alirudi macho yamelowa.

"Maskini mwanangu! Umefiwa, halafu unazunguka na salamu za heri ya mwaka? Majirani wakisikia nimefanya biashara ya sherehe na mfiwa, uso nitauficha wapi?"

"Aa, Mama, mimi sina neno..."

"Wewe huna. Baba yako je?"

Mamezuka akamwangalia baba yake. Baba naye akamwangalia.

Mama Kanbara akamkabidhi, kwa mikono miwili, bahasha iliyofungwa uzi wa msiba, mweusi na mweupe. "Ubani wa marehemu, pesa ya rambirambi. Pokea."

Ilikuwa nene. Nene hasa! Lakini ni mfiwa gani afunguaye ubani mbele ya aliyeutoa?

"Na mwenye kupewa ubani hurudisha zawadi," Mama aliongeza kwa upole. "Mtoto wa fundi mkubwa hatanisahau."

Mamezuka akaupapasa tena ule unene. Akasukuma kasha zima, na kwa furaha akaongeza na baba.

Kwenye kona ya kwanza aliipasua bahasha. Ndani mlikuwa na noti moja ya yeni elfu, kuukuu, kama adabu ya msiba inavyotaka. Unene wote uliobaki ulikuwa kadi zake tatu.

Kesho yake alirudi kudai haki, akakuta foleni. Dirishani, mzee wa mnadani alikuwa anafukiziwa udi chini ya maandishi: "Kazi ya Mwisho ya Marehemu". Bei ilikuwa ya marehemu kweli. Mamezuka akafungua mdomo. Aseme nini? Kwamba baba hajafa? Kwamba si baba?

"Mwanawe huyu hapa!" Mama Kanbara akapaza sauti.

Foleni nzima ikageuka na kumwinamia. Mamezuka, akitetemeka bila koti, naye akainama.

"Inama zaidi, mwanangu," Mama akamnong'oneza. "Nauza."